Kishikwambi Kipo, Somo la Usonji Liko Wapi?



Mwaka 2022 serikali ilinunua vishikwambi kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi. Sensa ikaisha mwezi Agosti, na vishikwambi hivyo, zaidi ya laki mbili, vikapelekwa kwa walimu. Picha zikapigwa, hotuba zikatolewa, tukaambiwa elimu yetu sasa inaingia kwenye dijitali. Kila mara tukihoji jambo tunaambiwa "ninyi kazi yenu kupinga tu". Haya, leo sipingi vishikwambi. Ni vizuri walimu wamepewa. Ninachouliza ni kilichomo ndani.

Fanya jaribio dogo. Mtafute mwalimu wa darasa la awali unayemfahamu, maana kila ukoo una mwalimu: shangazi, kaka, binamu, jirani. Muulize maswali mawili. La kwanza: umewahi kufundishwa, hata kwa saa moja tu, jinsi ya kumfundisha mtoto mwenye usonji? La pili: kishikwambi chako au simu yako imewahi kukusaidia kwenye hilo? Mimi nimewauliza ninaowafahamu. Swali la kwanza walilijibu kwa kicheko. La pili wakasema, "Labda nitafute mwenyewe YouTube."

Hoja yangu ni hii. Simu na kishikwambi ndiyo njia ya haraka zaidi tuliyo nayo ya kumfikia mwalimu ambaye tayari yuko darasani na mtoto mwenye usonji, leo, huko aliko. Lakini njia hiyo itafanya kazi kama tu serikali itayachukua mafunzo hayo kuwa wajibu wake wa kisheria na kuyagharamia. Ikimwachia mwalimu ajitafutie kwa bando lake, hapo haijamfundisha mtu. Imeuhamisha tu mzigo wake.

Tuelewane kwanza kuhusu usonji

Usonji siyo laana, siyo majini, siyo matokeo ya chanjo, na siyo kwa sababu mama alimdekeza mtoto. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya watoto 1,000 ingekuwa na kama 8. Kama kwenye shule ya mtaani kwenu huwaoni, jiulize wako wapi.

Wengine wapo darasani ila hakuna aliyewatambua. Ni yule mtoto wa miaka mitano unayemwita jina lake mara tatu hageuki, mpaka mwalimu anadhani ni kiziwi au jeuri. Ni yule anayeziba masikio kengele ikigongwa. Ni yule anayerudia swali la mwalimu badala ya kulijibu, halafu darasa zima linacheka. Ni yule anayelia nusu saa kwa sababu leo wamekaa upande tofauti na jana. Mwalimu asiyejua anafanya alichofanyiwa na yeye utotoni: anagomba, anachapa, au anamwita mzazi na kumwambia, "Mama, huyu mtoto hatumuwezi."

Kinachouma ni kwamba mambo mengi yanayomsaidia mtoto huyu hayahitaji mashine ya mamilioni. Ratiba ya siku iliyochorwa kwa picha kwenye kipande cha boksi, mtoto ajue baada ya kuimba ni uji, baada ya uji ni kuhesabu. Maelekezo mafupi, moja moja. Kumpa sekunde kumi za kujibu badala ya mbili. Kumtaarifu kabla ya kubadilisha shughuli. Kona tulivu ya kukaa akizidiwa na kelele. Kutumia anachokipenda, kama ni magari basi ahesabu magari. Hayo hayauondoi usonji, na wala siyo lengo. Yanamwezesha kujifunza. Na umri wa darasa la awali ndio wakati mzuri wa kuyaanza, kabla mtoto hajaichukia shule na shule haijamchoka.

Mwalimu anaweza kuyajifunza haya. Tatizo ni nani amfundishe, lini na wapi.

Njia ya kawaida haitoshi

Tunacho Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, chuo cha elimu maalum, na vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya elimu maalum. Kazi yao ni kubwa na lazima iendelee na iongezewe fedha. Lakini piga hesabu. Mwalimu anayekwenda kusoma diploma anaacha darasa lake na familia yake kwa muda mrefu. Akimaliza, mara nyingi anapangwa kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalum, na vitengo vinavyopokea watoto wenye usonji viko zaidi mijini. Mtoto wa Nanyumbu au Kakonko hawezi kumsubiri mhitimu huyo. Ana miaka mitano sasa hivi. Mwakani atakuwa na sita.

Halafu zipo semina za siku mbili kwenye ukumbi wa halmashauri. Mtaalamu anakuja na slaidi, watu wanasaini posho, wanakula, wanaondoka. Jumatatu mwalimu yuko mbele ya watoto themanini na hakumbuki slaidi hata moja. Akikwama hana wa kumuuliza.

Hapo ndipo simu inapoingia. Na siongelei ndoto.

Hapa hapa Tanzania, mwaka 2007, ulianza mradi ulioitwa Elimu kwa Teknolojia. Mwalimu wa shule ya msingi alitumia simu ya mkononi kupakua video fupi za masomo na kuzionyesha kwenye televisheni darasani. Hiyo ni kabla simu janja hazijajaa mitaani. Leo mwalimu ana kishikwambi mkononi, halafu tunaambiwa teknolojia ni ngumu?

Kwa majirani zetu Kenya, mpango wa kusoma wa Tusome ulioanza mwaka 2015 uliwapa vishikwambi maafisa wanaozungukia shule. Kazi ya kifaa haikuwa kuhubiri. Afisa alikaa darasani, akamwangalia mwalimu anavyofundisha, akajaza alichokiona, kisha wakakaa wawili wakazungumza nini kimeenda vizuri na nini kibadilike. Nauli yake ililipwa kwa kufuata ziara zilizoonekana kwenye kifaa. Kwa hiyo afisa alifika shuleni kweli, hakuandika ripoti akiwa baa.

Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri kina utaratibu unaoitwa ECHO Autism. Daktari wa kijijini anakutana kwa video na jopo la wataalamu wa usonji, analeta suala la mtoto anayemhudumia bila kumtaja jina, wanajadili, anarudi kujaribu, na kikao kijacho anaeleza kilichotokea. Mfumo huo ulianzia New Mexico mwaka 2003 kwa ajili ya homa ya ini aina ya C, ili mgonjwa asisafiri mamia ya maili kumfuata daktari bingwa. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kumhudumia mwalimu wa Kakonko na mtaalamu aliyeko Patandi. Wote wana simu.

Ukiangalia mifano hii, Tusome na ECHO zimefanana kwenye jambo moja: kifaa kilimleta mtu. Video peke yake haimfundishi mwalimu. Anajifunza anapoona mfano, akajaribu kesho yake, akakwama, akamuuliza anayejua, akajaribu tena. Simu inafupisha umbali kati ya kukwama na kuuliza. Kama hakuna mtu upande wa pili, hiyo ni maktaba tu, na maktaba haijibu.

Kwa hiyo mafunzo yaweje?

Yawe kwa Kiswahili, na video zipigwe kwenye madarasa yetu yenyewe, yenye watoto wengi, dawati la watu wanne na ubao wenye nyufa. Mwalimu akionyeshwa darasa la watoto sita lenye zulia na msaidizi, anafunga simu. Anasema, "Hiyo siyo kwangu."

Yawe mafupi, dakika tano au kumi, na yapakuliwe mara moja kwenye Kituo cha Walimu au kwenye ofisi ya kata, kisha yafanye kazi bila intaneti. Mwenye kiswaswadu asiachwe: apate ujumbe mfupi na namba ya kupiga bure kusikiliza somo.

Yaingizwe kwenye utaratibu uliopo. Serikali ina MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambapo walimu wa shule wanakutana kujifunza pamoja. Hakuna haja ya kuanzisha mradi mpya wenye nembo mpya na gari jipya. Weka somo la usonji pale, lihesabiwe kwenye kumbukumbu za mwalimu, limsaidie akipandishwa daraja. Na kila halmashauri iwe na angalau mwalimu mmoja wa elimu maalum ambaye kazi yake rasmi ni kujibu maswali na kutembelea madarasa, siyo kuombwa afanye hivyo kwa hisani.

Na wazazi waingizwe. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye changamoto za ukuaji, na limeyatengenezea pia toleo la mtandaoni. Mama na mwalimu wakitumia picha zile zile na maneno yale yale, mtoto hapotei katikati.

Sheria inasemaje

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo mnivumilie kidogo hapa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa na wenzake ya kupokelewa kwenye shule ya umma au binafsi. Inasema pia kwamba akiwa shule ya kawaida apewe huduma za msaada kutoka kwa mwalimu mwenye sifa, au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Soma hilo "au" kwa makini. Hapo ndipo wanapopitia. Mwalimu mkuu anaandika jina la mwalimu yeyote kwenye karatasi, amepangiwa, sheria imetimia. Kwangu mimi kumpangia mtu kazi bila kumfundisha ni kuiridhisha karatasi, siyo mtoto. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaka nchi kwenye ibara ya 24 ifundishe wataalamu na watumishi wa ngazi zote za elimu. Mkataba huo haukuweka hiari.

Nikiwa najitolea kwenye dawati la msaada wa kisheria alikuja mama mmoja. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani na shule mara mbili. Kila mara aliambiwa "mlete mwakani akitulia". Aliuliza swali moja tu: "Dada, naweza kuwashtaki?" Jibu ni refu kuliko inavyotakiwa. Katiba yetu inataja haki ya elimu kwenye Ibara ya 11, lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Unaweza kupitia Ibara ya 13 ya usawa, lakini marekebisho ya mwaka 2020 kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu yalimtaka anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Maana yake, kwa masharti hayo, shirika la wazazi halikuweza tu kusimama kwa niaba ya akina mama wote. Mama huyu, muuza maandazi, ndiye aliyetakiwa kupanda kizimbani dhidi ya mawakili wa serikali. Tunapodai Katiba Mpya, wapo wanaodhani tunapigania vyeo. Mama huyu na mwanawe wamo ndani ya dai hilo.

Sheria nyingine ambayo hatupaswi kuisahau ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafunzo ya simu yana hatari yake: mwalimu anamrekodi mtoto akilia na kujigonga, anatuma kwenye grupu la WhatsApp apate ushauri, kesho video iko kwenye kila grupu la mtaa na vikaragosi vya kicheko. Taarifa za mtoto na za afya yake ni taarifa nyeti mbele ya sheria hiyo, na zinahitaji ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo kanuni iwe wazi tangu siku ya kwanza: mwalimu anaeleza hali kwa maneno, hatumi jina, hatumi sura. Ikilazimika video, mzazi asaini akijua inakwenda kwa nani.

Bando, tozo na kuzimiwa mtandao

Sasa tuongee hela. Mwaka 2021 tuliwekewa tozo za miamala ya simu, wananchi wakapiga kelele mpaka zikapunguzwa. Bei ya bando nayo kila mmoja wetu anaijua. Mshahara wa mwalimu wa awali hauwezi kubeba gharama za mafunzo ambayo sheria imeitwika serikali. Serikali ikae na kampuni za simu, tovuti ya mafunzo ya walimu ifunguke bila kukata MB hata moja. Kama inaweza kuziagiza kampuni hizo zifunge mtandao, haiwezi kushindwa kuziagiza zifungue ukurasa mmoja wa walimu.

Na hilo la kufunga tusilipite. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Sisi wanasiasa tulilalamika kuhusu siasa, na tulikuwa na sababu. Lakini ukiijenga elimu ya mwalimu juu ya simu, kila unapozima unamkata na mwalimu aliyekuwa anasubiri jibu kuhusu mtoto wake. Huwezi kuhubiri dijitali Jumatatu na kuizima Jumatano.

"Tuna matatizo makubwa zaidi"

Hii ndiyo hoja nitakayorushiwa, hata na baadhi yetu humu. Watoto wanakaa chini, madarasa yamejaa, ajira za walimu hazitoshi, wewe unaleta usonji? Ni hoja ya haki na siikwepi. Simu haitapunguza watoto themanini kuwa arobaini. Haitajenga choo. Yeyote atakayetumia kishikwambi kama kisingizio cha kutoajiri walimu, tumkatae wazi.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, gharama kubwa imeshalipwa. Vifaa viko mikononi mwa walimu. Kinachobaki ni somo, mtaalamu wa kujibu na makubaliano ya bando, ambavyo ni kidogo ukilinganisha na misafara tunayoiona barabarani. Pili, ratiba ya picha, maelekezo mafupi na kumpa mtoto muda wa kujibu vinamsaidia pia mtoto anayeongea Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza, na yule mwenye aibu, na yule aliyelala njaa.

Tufanye nini

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliopo uliandikwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Muda wake unafika mwisho. Utakaofuata ndio nafasi yetu. Ninapendekeza vijana wa chama tudai mambo haya manne, kwa maandishi:

1. Somo la usonji kwa kila mwalimu wa awali, la Kiswahili, ndani ya MEWAKA, linalofanya kazi bila intaneti na linalohesabiwa.
2. Mtaalamu wa elimu maalum katika kila halmashauri mwenye jukumu rasmi la kujibu na kutembelea, na fungu la nauli lililoandikwa kwenye bajeti.
3. Tovuti ya mafunzo isiyokata bando.
4. Mwongozo wa kulinda picha na taarifa za watoto.

Kila mmoja aanzie kwenye kata yake. Mwandikie diwani barua, omba kujua halmashauri ina walimu wangapi wa elimu maalum na wanafanya kazi wapi. Tunza nakala yenye mhuri wa mapokezi. Usipojibiwa nayo ni taarifa ya kutumia. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, simama uulize. Bunge la bajeti likianza Aprili, wabunge wetu wawe na majibu hayo mkononi, kata kwa kata, siyo maneno ya jumla. Nanyi mnaojua kupiga na kuhariri video, ambao kila siku mnatengeneza klipu za mikutano, watafuteni walimu wa vitengo vya elimu maalum na wazazi wa watoto wenye usonji, muwasikilize kwanza, halafu mjitolee.

Aprili 2 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji. Viongozi watavaa fulana za bluu na kupiga picha. Sisi tufike siku hiyo na majibu ya madiwani, tuyasome mbele ya kamera zile zile, halmashauri moja baada ya nyingine. Atakayepata jibu la kwanza kwenye kata yake aliweke hapa kwenye maoni, tuanze kuhesabu.